Kabla ya Arbuni: Ukaguzi wa Kina wa Nyumba za Mawe za Mji Mkongwe

Mtu anayetaka kununua nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Unguja hukagua karatasi kwa bidii ya kusifiwa. Huuliza kwa sheha, humtuma wakili aangalie hati, huhakikisha kwamba nyumba si ya wakfu na kwamba warithi wote wametia saini, hata yule aliyeko Maskati au London. Jengo lenyewe, ambalo ndilo litakalomeza fedha zake, hulitembelea mara moja au mbili akiongozwa na dalali. Huufungua mlango wa nakshi na kuufunga, huangalia dari, hupanda hadi juu kuona kama bahari inaonekana, na hapo hapo huanza kuvutana juu ya bei. Hoja ya mada hii ni kwamba utaratibu huo umekaa kichwa chini. Ukaguzi wa kina wa jengo, unaofanywa na watu wanaoijua chokaa na boriti, na unaofika ndani ya ukuta badala ya kuishia kwenye rangi, unapaswa kutangulia arbuni, kwani bila huo pande zote mbili zinajadili bei ya kitu ambacho hakuna anayekijua. Nimejifunga na Mji Mkongwe ili nisitawanyike, ingawa mengi nitakayosema yanazihusu pia nyumba za Lamu, zilizojengwa kwa vifaa hivyo hivyo.

Tuanze na jinsi nyumba hizi zinavyosimama, maana hapo ndipo hoja yote ilipo. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita na pengine zaidi. Sakafu za ghorofa hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kiasi cha mita tatu tu, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa linalotwangwa mpaka likakaza. Ni sakafu nzito, na uzito wake wote unategemea ncha za boriti zilizozama ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Paa likivuja pale linapokutana na ukuta, au bomba la choo cha ghorofani likichuruzika ndani kwa ndani, maji hushuka taratibu mpaka kwenye ncha hizo. Mkoko ni mti mgumu, lakini ncha inayokaa kwenye unyevu miaka nenda miaka rudi huoza au huwa chakula cha mchwa, huku sehemu ya katikati, ile inayoonekana kutoka chini, ikibaki kavu na ya kutia moyo. Mnunuzi anayeinua macho huona boriti nzima. Fundi anayeijua kazi yake hupanda ngazi, huigonga kwa nyundo karibu na ukuta, husikiliza kama inaitika kwa sauti ya mti mkavu au ya kitu kilichofumuka, kisha huichoma kwa bisibisi pale pale inapoingilia. Bisibisi ikizama bila kupata ukinzani, boriti hiyo imekwisha, hata kama imepakwa rangi jana. Chumba kimoja kina boriti nyingi na nyumba ina vyumba vingi, kwa hiyo ukaguzi wa kweli hauwezi kumalizika kati ya kahawa ya asubuhi na sala ya adhuhuri.

Methali yetu ya ufa na ukuta imetuzoesha kutafuta ufa. Mnunuzi makini huzunguka nyumba akihesabu nyufa, na asipoziona huondoka na furaha. Lakini katika nyumba ya mawe ufa mara nyingi ndiyo dalili ya ukweli, na ukuta laini usio na alama ndio wa kutiliwa shaka. Ukuta wa chokaa hupokea unyevu na kuuachia. Mvua ya masika huingia kidogo, jua la kiangazi huutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Maji yanayopanda kutoka ardhini na yale yanayoshuka kutoka kwenye paa hubaki ndani ya ukuta, pamoja na chumvi, na hutafuta njia nyingine. Njia iliyo wazi kwao ni upande wa ndani wa chumba na matundu ya boriti. Kwa hiyo lipu ya saruji iliyopigwa kwa nia njema ya kuimarisha nyumba inaweza kuwa ndiyo inayoozesha sakafu ya ghorofa ya kwanza, na lolote lisionekane mpaka lipu ianze kubanduka kwa mapande. Hapa nina msimamo mkali kidogo: nyumba iliyofanyiwa ukarabati wa haraka kabla ya kuuzwa inastahili ukaguzi mrefu kuliko nyumba chakavu inayoonyesha maradhi yake yote. Ile chakavu angalau haifichi kitu.

Ukuta wenyewe nao una siri zake. Kwa kawaida una nyuso mbili za mawe yaliyopangwa na kiini cha kokoto, chokaa na udongo katikati. Kiini kikioshwa na maji kwa miaka mingi, nyuso hizo huachana na ukuta huota tumbo. Kwa macho tumbo hilo halionekani, hasa katika vichochoro ambamo mtu hawezi kurudi nyuma hatua tatu akautazama ukuta mzima. Timazi iliyoteremshwa kutoka juu huliona mara moja. Mkaguzi huandika umbali kati ya uzi na ukuta kila baada ya kimo fulani, na tarakimu hizo, zikichorwa, humwonyesha mnunuzi umbo la ukuta ambalo hata aliyeishi humo tangu utotoni hajawahi kuliona. Nyufa zilizopo huwekewa alama ya plasta na tarehe ili ijulikane kama zimelala au zinaendelea kufunguka. Hilo linahitaji muda, na ikiwezekana linahitaji msimu wa mvua. Anayenunua mwezi wa Januari ananunua nyumba wakati imevaa nguo zake za sikukuu.

Pingamizi la kwanza, ambalo kila mtaalamu wa majengo amelisikia, ni kwamba nyumba hizi zimesimama miaka mia na zaidi bila ya wahandisi, basi zitaendelea kusimama. Lina uzito wake, na mafundi wa kale wanastahili heshima hiyo. Lakini linasahau mambo mawili. La kwanza, tunazihesabu zilizosimama tu. Magofu yaliyo kati yao nayo yalikuwa nyumba zilizojengwa na mafundi wale wale. La pili ni kubwa zaidi: jengo lililosimama miaka mia halikubeba mzigo huu wa leo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kugawiwa familia kadhaa kila moja, na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa na majiko, mabafu na vyoo katika kila ghorofa. Mabomba yakapitishwa ndani ya kuta ambazo hazikuwahi kuwa na maji. Tangi la plastiki la lita 1,000 likijaa lina tani moja ya maji, na si ajabu kuyakuta mawili au matatu juu ya paa moja, yameegemezwa popote palipopatikana nafasi. Nyumba ya jirani ikianguka, ukuta wa kati unapoteza mwenzake aliyekuwa akiusukuma kutoka upande wa pili. Umri wa jengo, basi, unathibitisha uimara wake chini ya masharti ya zamani. Kuhusu masharti ya sasa haututhibitishii lolote.

Mfano mkubwa tunao, na uko Forodhani. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, kwa nguzo za chuma na fahari ambayo hakuna nyumba ya mtu binafsi iliyoikaribia. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, ikawa onyo kwa kila mwenye macho. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sitaki kuingia katika mjadala wa sababu. Ninachotaka tukione ni hiki: lile lilikuwa jengo la taifa, lenye wataalamu, wafadhili na macho ya dunia nzima juu yake, udhaifu wake ukiwa unajulikana, na bado kazi haikuweza kushindana na kasi ya uharibifu. Mnunuzi binafsi anayeingia na mafundi wake ndani ya nyumba ambayo udhaifu wake haujulikani anaingia katika hatari hiyo hiyo bila hata ya onyo. Ajali nyingine haziji wakati watu wamelala. Huja siku fundi anapobomoa ukuta mdogo aliodhani haubebi kitu.

Pingamizi la pili ni la gharama, na linaungana na la tatu, kwamba muuzaji hatokubali mtu atoboe kuta zake kabla hajaona fedha. Kuhusu gharama sina haja ya kusema mengi. Ada ya mkaguzi hulipwa mara moja, ilhali kubadilisha boriti za ghorofa nzima kunadai kuihamisha familia, kuegemeza sakafu kwa magogo, kutafuta mikoko ambayo ukataji wake sasa unadhibitiwa, na kupata kibali. Katika mji uliomo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, mnunuzi hawezi kuamka asubuhi akabomoa na kujenga upya atakavyo. Mabadiliko hupita kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Njia ya mkato waliyonayo wenzetu wa Dar es Salaam, ya kununua kiwanja chenye nyumba mbovu juu yake, huku haipo.

Kuhusu muuzaji, tuna hazina ambayo hatuitumii. Fiqhi ya biashara inamtaka muuzaji aibainishe aibu ya bidhaa, na inampa mnunuzi khiyari, yaani haki ya kuvunja mauzo, pale aibu iliyofichika inapodhihiri. Wengi wetu tunaijua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta unyevu chini ya ukavu wa juu. Hakuridhika na alichokiona kwa juu, na hakuna aliyesema kwamba mkono wake ulimvunjia heshima muuzaji. Shida ni kwamba khiyari hiyo humsaidia mnunuzi baada ya hasara, na kwa nyumba ya warithi kumi na wawili waliotawanyika, kurudishiwa fedha ni ndoto. Isitoshe, muuzaji wa Mji Mkongwe mara nyingi hadanganyi, hajui. Aliondoka akiwa mtoto, na nyumba imekaa na wapangaji. Ukaguzi unamlinda yeye pia, kwa kuwa aibu iliyoandikwa katika ripoti na kukubaliwa na mnunuzi haiwezi kumrudia kesho mahakamani. Matundu madogo yanayotobolewa huzibwa kwa chokaa siku hiyo hiyo kwa gharama ya mnunuzi. Muuzaji akikataa hata hilo, mnunuzi apange bei kana kwamba boriti zote zimeoza. Hakuna dhuluma katika kuhesabu hivyo.

Kuna pingamizi la nne ambalo naliona zito kuliko yote: nani atakagua? Wahandisi wetu wengi wamesomeshwa zege na nondo, na mhandisi wa zege akiingia katika nyumba ya chokaa huandika dawa anayoijua, yaani mkanda wa zege na lipu ya saruji, dawa ambayo nimekwisha kueleza madhara yake. Fundi wa chokaa naye huyajua maradhi kwa mkono wake lakini haandiki ripoti wala hapigi hesabu ya mizigo. Jawabu ni kuwatumia wote wawili kwa pamoja, ripoti moja yenye saini mbili. Ujuzi haujatoweka: ukarabati wa Dispensari ya Zamani pale Malindi, uliofanywa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan miaka ya 1990, ulifanyika kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa. Uingereza, ambako ukaguzi wa nyumba umepangwa kwa viwango vitatu na nyumba kongwe hupendekezewa kile cha tatu, kilicho kirefu kuliko vyote, desturi hiyo imezoeleka. Sisi tunaweza kuanza na mawakili, wawe wakiuliza swali moja kila mara: ripoti iko wapi? Anayenunua ghorofa moja tu ana haja zaidi ya ripoti hiyo, kwa sababu paa ni la mwingine na msingi ni wa mwingine, na mkaguzi wake lazima aruhusiwe kupita kwa wote wawili.

Kwa hiyo naiomba semina hii ipeleke mapendekezo mawili. Mawakili wanaoandaa mikataba ya mauzo ya nyumba za Mji Mkongwe waweke sharti kwamba arbuni itarejeshwa endapo ukaguzi utaonyesha udhaifu mkubwa ambao haukutajwa, na kwamba mnunuzi na mkaguzi wake watapewa ruhusa ya kufika kila chumba, paa likiwemo. Na Mamlaka ianzishe daftari la ripoti za ukaguzi, nakala moja kwa kila nyumba iliyouzwa, ili mnunuzi wa pili asianze gizani na ili tujue, nyumba kwa nyumba, ni kuta zipi zitakazohitaji kuegemezwa kabla ya masika yajayo.