Kuhamia Kompyuta Mpya Bila Kuacha Mali ya Watu

(Maneno yaliyotolewa katika semina ya makarani na waweka hazina wa vikundi vya kanisa)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuhamisha kazi zetu kutoka kompyuta kuukuu hadi mpya. Msidhani ni jambo la mafundi peke yao. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kwa hivyo ofisi nyingi zinahama.

Acha nianze kwa kuungama. Nilipopata kompyuta mpya, nilichomeka flashi kwenye ile ya zamani nikanakili kila kitu nilichokiona kwenye uso wa skrini. Kazi ikaisha kwa dakika moja, nami nikafurahi. Ile ya zamani nikampa fundi, akaifuta yote ipelekwe shuleni. Jumatatu nikafungua kitabu cha mikopo ya kina mama. Kompyuta ikasema faili haipatikani! Kumbe nilikuwa nimebeba vile vipicha tu vinavyoonyesha njia ya kufikia faili. Ni kama kung'oa kibao cha duka na kuliacha duka lenyewe.

Miaka mitatu ya akiba na mikopo ilipotea. Watu wakaanza kunong'ona: huyu karani amekula pesa? Aliyeniokoa ni mweka hazina wetu, mama ambaye hakuwahi kuiamini kompyuta. Kila shilingi alikuwa ameiandika katika daftari lake. Tulikaa wiki mbili tukiandika upya.

Basi, nimejifunza kwamba kompyuta ina vitu vya aina tatu, na kila kimoja huhama kwa njia yake.

Kwanza, faili zetu wenyewe: barua, hesabu, picha. Tazama folda za Documents, Desktop, Downloads na Pictures. Kama kompyuta ina watumiaji wawili, kila mmoja ana folda zake, usimsahau mwenzako. Programu ya hesabu usiichukulie faili zake ovyo. Nyingi zina amri yake ya kuweka akiba, tumia hiyo. Tena jua kwamba flashi iliyotengenezwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, hata kama ina nafasi tele.

Pili, mipangilio. Hii ndiyo inayosahauliwa. Kuna anwani ulizohifadhi kwenye kivinjari, maneno ya siri, karatasi ya barua yenye nembo ya kanisa, na maneno ya Kiswahili uliyoifundisha kompyuta isiyapigie mstari mwekundu. Mengi ya hayo hukaa katika folda iitwayo AppData, ambayo Windows huificha, ndiyo maana hatuioni. Usiibebe yote kwa pupa. Fungua programu moja moja, uitafutie amri ya kutoa mipangilio yake. Na maneno ya siri hakikisha unayajua kabla hujahama, maana mengine ni kompyuta tu inayoyakumbuka!

Tatu, programu zenyewe. Hizi kwa kawaida hazinakiliwi. Huwekwa upya, na zile za kununuliwa hudai namba ya leseni. Hata Windows Easy Transfer, chombo cha kuhamisha kilichokuja na Windows 7, kilibeba faili na mipangilio tu. Programu ulijiwekea mwenyewe.

Sasa, kuhakikisha. Linganisha idadi ya faili katika folda ya zamani na mpya. Kisha chomoa flashi, ufungue faili kumi hivi kwenye kompyuta mpya. Zikifunguka flashi ikiwa mfukoni, umehama kweli. Hata hivyo, kompyuta ya zamani ikae mwezi mzima kabla ya kutolewa. Siku ya kuitoa, isafishwe kabisa, kwa sababu faili iliyofutwa kwa kawaida inaweza kufufuliwa. Namba za vitambulisho vya wanachama zimo humo, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatudai tuzitunze. Na ile nakala ya flashi ikae nyumbani kwa mtu mwingine, isikae ofisini.

Ndugu zangu, Kutoka sura ya 13 inatuambia kwamba Waisraeli walipotoka Misri, Musa alibeba mifupa ya Yusufu. Haraka ilikuwa nyingi, lakini alikumbuka kile ambacho wazee waliahidi kutokiacha. Hesabu za kina mama ni amana ya namna hiyo. Ukihama, usiache amana ya watu nyuma yako.

Na daftari la mama yule? Bado anaandika, na sasa mimi ndiye ninayemkumbusha.