Mezani pamoja na mtu usiyempenda

Mazungumzo ya redio kwa familia zilizokimbia vita na kwa viongozi wa vijiji

Nasema nanyi wenyeji wa Lubarika, nanyi mliopokelewa humo, na wote walio katika bonde la Ruzizi mpaka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Wengine mko nyumbani kwenu. Wengine mnalala katika nyumba ya watu, na ufunguo wa nyumba yenu mngali nao mfukoni.

Leo tuzungumze juu ya wanafunzi wa Yesu. Tumezoea kuwaita watakatifu na kuyapa makanisa yetu majina yao, hata tunafikiri hawakuwa watu kama sisi. Sivyo. Petro, Andrea, Yakobo na Yoane walikuwa wavuvi. Mvuvi wa Kalundu anayeosha nyavu asubuhi baada ya usiku bila ndagala anaujua uchovu wao kuliko mimi. Walikuwa na woga na wivu. Hata usiku ule wa mwisho, wakiwa mezani, waligombana ni nani kati yao aliye mkubwa (Luka 22:24).

Tazameni sasa majina ya wale 12. Yumo Matayo, aliyeketi Kapernaumu akitoza watu ushuru, chini ya utawala uliowategemea Waroma. Ninyi mnaopita kwenye bariere na mzigo wa muhogo kichwani, mnajua watu humwona namna gani mtu wa kazi ile. Yumo pia Simoni, aliyeitwa Zelote, maana yake mtu wa bidii kali. Kwa mtu kama huyo, mtoza ushuru alikuwa msaliti wa taifa. Yesu hakumwondoa mmoja ili mwingine aingie. Aliwaita wote wawili. Maandiko hayatuambii kwamba walipendana siku ya kwanza. Lakini baada ya Yesu kupaa mbinguni, majina yao yangali pamoja katika chumba kimoja cha juu, wakisali (Matendo 1:13).

Hapa kwetu, Mfuliiru ana wafu wake. Mrundi ana wafu wake. Mnyamulenge, Mvira na Mbembe, kila mmoja ana makaburi anayoyalilia. Tunakumbuka hospitali ya Lemera, tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa walipouawa vitandani. Tunakumbuka Mutarule, usiku wa tarehe 6 Juni 2014, zaidi ya watu 30 walipouawa, wengine wakiwa katika ibada. Tunakumbuka mwaka 2025, maelfu walipovuka mto Ruzizi kwenda Burundi, na wengi wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Siwaambii msahau. Nauliza tu: tutaketije tena pamoja?

Sikilizeni habari moja. Yesu na wanafunzi wake walikuwa njiani kwenda Yerusalema. Walitafuta mahali pa kulala katika kijiji cha Wasamaria, wakakataliwa. Yakobo na Yoane wakaomba ruhusa ya kuita moto ushuke kutoka mbinguni uteketeze kijiji kile. Yesu akawakemea, nao wakaenda kijiji kingine (Luka 9:51-56). Ndugu uliyekimbia, pengine nawe ulibisha hodi na watoto mgongoni, mlango usifunguliwe. Hasira yako ina sababu. Yesu hakusema kwamba wenye kijiji walifanya vema. Alichokataa ni moto.

Sasa niseme na viongozi. Katika kanisa la Yerusalema, chakula kiligawiwa wajane kila siku. Wajane waliosema Kigiriki wakawa wanasahauliwa, na manung'uniko yakaanza (Matendo 6:1-6). Ninyi mliosimama kwenye mstari tangu alfajiri kwa ajili ya unga, kisha mkaambiwa jina halimo, mnajua manung'uniko hayo. Mitume wangeweza kusema, watu hawa ni wagomvi. Hawakusema hivyo. Waliita mkutano wa wote, wakataka wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Yaonekana kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa upande ule uliolalamika.

Shefu, kapita, mchungaji, katekista, fanyeni vivyo hivyo. Orodha ya msaada isiandikwe usiku na mtu mmoja. Wawepo waliokimbia na wenyeji waliowapokea, na wanawake kati yao. Majina yasomwe mbele ya watu wote, aliyesahauliwa apate kusema. Msiwasahau wenye nyumba, maana wao pia chungu chao kimekwisha kugawanywa mara nyingi. Kama jina la shemeji yako limo, na mjane wa kabila lingine hayumo, umeanza kupanda vita vingine kwa kalamu.

Na shamba je? Anayelima shamba la mtu aliyekimbia ajue kwamba siku moja mwenyewe atarudi. Wakae mbele ya wazee, mipaka ionyeshwe, mavuno yazungumzwe. Ng'ombe wakila mpunga, kwanza waitwe wazee wa pande zote mbili, kabla ya panga. Kusamehe hakufuti kesi, wala haki ya mtu haipotei kwa sababu amesamehe.

Turudi kwa Yoane. Mmoja wa wale 7, Filipo, alipofukuzwa na mateso ya Yerusalema, alikimbilia Samaria akahubiri huko. Yeye aliyekimbia ndiye aliyefungua njia. Kisha mitume wakawatuma Petro na Yoane. Ndiyo, Yoane yule yule. Alikwenda kwa Wasamaria, akawaombea na kuwawekea mikono (Matendo 8:14-17). Mtu aliyetaka moto uwaangamize alifika kwao akiwagusa vichwa. Hakugeuka kwa siku moja. Aligeuka kwa kutembea na Yesu na kwa kukemewa. Nasi vivyo hivyo, tusikate tamaa juu yetu wenyewe wala juu ya jirani.

Jioni ya leo, mkiwa mmekaa pamoja, zungumzeni juu ya maswali haya:

1. Ni nani ambaye singependa kula naye sahani moja? Kwa sababu gani?

2. Katika kijiji chetu, ni nani wanaosahauliwa wakati wa kugawa?

3. Ni mtu gani wa upande ule mwingine ninayeweza kumsalimu juma hili?

Mungu awalinde. Mbaki na amani.