Pingamizi dhidi ya mradi wa nyumba lina siku zake



Ghorofa inapopangwa kujengwa mtaani hapa Nyeri, iwe Kamakwa, Skuta, Ruring'u au King'ong'o, habari hutangulia dukani na kwenye steji ya bodaboda. Bango la mradi huonekana baadaye, watu wakiwa wamekwisha kukasirika. Kwenye baraza la chifu kelele hupigwa, mwekezaji hujibu kwa upole, kila mtu hurudi kwake. Barua haiandikwi. Kisha tingatinga linaingia.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi autangazie umma mradi wake, na tangazo liwaalike wananchi kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Waziri akikaa siku 60 bila kujibu ombi kwa maandishi, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Kwa hivyo kimya humfaa mwekezaji. Na uamuzi ukishatolewa, jirani asiyeridhika ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huko wakili halipwi kwa asante.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi huikosa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba nakala. Anayengoja uamuzi utoke ndipo aombe kuona michoro anaweza kuletewa michoro hiyo wakati mlango wa rufaa umefungwa. Nakala ziombwe siku ile ile bango linapoonekana.

Barua yenyewe iseme nini? "Hatutaki ghorofa" haitoshi. Mji huu umekaa kwenye miteremko, na maji ya mvua hushuka kuelekea mtoni, Chania ukiwemo. Basi iulizwe: maji taka ya familia zote hizo yataingia kwenye bomba lipi, na bomba hilo ni la upana gani? Kama ni shimo la choo, linachimbwa umbali gani kutoka kisima cha jirani? Barabara ya mtaa itapitisha lori la zimamoto? Jengo limeacha ukingo wa mto, ambao kanuni za maji huupima kati ya mita 6 na 30? Swali la namna hiyo afisa wa mipango hawezi kulipita bila kulijibu.

Hoja kwamba wapangaji wataleta wizi iachwe nyumbani. Haina uzito mbele ya kamati, wala si ya haki: watakaopanga ni walimu wachanga, wauguzi na watoto wa wakazi hawa hawa wanaohangaika kupata nyumba.

Kwamba wananchi wanaweza kushinda, Lamu ilionyesha. Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imeutolea mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Huo haukuwa mradi wa nyumba, lakini kasoro iliyouangusha inafahamika hata huku mlimani: mikutano ilikuwa ya kuutambulisha mradi, na watu hawakushirikishwa ipasavyo kuhusu matokeo ya utafiti wenyewe. Mkutano wenye soda na orodha ya waliohudhuria haukutosha.

Wapangaji wa nyumba kuukuu za serikali wana swali lao, nalo ni zito kuliko la majirani: watalala wapi wakati wa ujenzi, na watarudi kwa bei gani? Huko Pangani, Nairobi, familia 48 zililipwa shilingi 600,000 kila moja ili zipishe ujenzi. Wanaotakiwa kuhama waombe ahadi ya namna hiyo kwa maandishi, yenye sahihi, kabla ya kufunga virago.

Pingamizi lipelekwe kwa mkono katika ofisi ya kaunti ya mipango ya ardhi, likiwa na nambari ya ploti iliyo kwenye bango. Ziwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe mhuri wenye tarehe na kuhifadhiwa na mkazi aliyeileta.