Sala Si Fidia

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya sala, na juu ya wokovu ambao sisi Wakristo twaamini kuwa tumeupata kwa Yesu Kristo. Najua kwamba wengi wanaonisikiliza si wa dini yangu. Mimi ni mtu wa Pwani. Nimekua kati ya jirani Waislamu, na siku tulipomzika baba yangu wao walishika majembe wakachimba kaburi pamoja nasi. Basi sisemi ili nishindane na mtu. Nataka kueleza jambo moja tu, ambalo nilichelewa kulielewa, ingawa nilikuwa nikilifundisha kila juma.

Kwetu ni Kwala, katika Wilaya ya Kibaha, mahali ipitapo reli itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro na bara. Reli ile ilifika Morogoro mwaka 1907, na watu wengi wa kwetu wamepata riziki yao juu yake. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kukaza misumari ya mataruma na kufyeka majani kando ya njia. Kusoma alisoma kwa shida, kidole kikifuata mstari. Walakini kila alfajiri, kabla ya kutoka, alipiga magoti kando ya kitanda akasali kwa maneno machache, kisha akachukua nyundo yake akaenda zake.

Mimi nilisomeshwa na misheni, nikapata cheti, na sasa nafundisha katika chuo cha ualimu. Kazi yangu ni kusahihisha karatasi na kutia alama. Huenda mazoea hayo ndiyo yaliyonipotosha, kwa maana mtu atiaye alama mchana kutwa huweza kudhani ya kuwa na Mungu naye ameketi mezani na wino mwekundu.

Miaka sita iliyopita baba aliugua ugonjwa wa mwisho. Tulimpeleka hospitali, akatibiwa kwa kadiri ilivyowezekana, kisha akaomba arudi nyumbani. Usiku mmoja aliniita karibu, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Niambie kweli. Je, sala zangu zimetosha?"

Nikaona ni swali jepesi. Nikaanza kumhesabia. Nikamwambia, "Baba, hukukosa ibada ila kwa ugonjwa. Umesali kila alfajiri. Umewalea yatima wa ndugu yako kama watoto wako." Nikaendelea hivyo, nikijumlisha kama mtu ajumlishaye alama za mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Hesabu hiyo ni ya siku ulizoniona. Na zile usizoniona, je?" Akageuka akaelekea ukutani. Nami, mwalimu wa walimu, nikakosa neno.

Kesho yake akaja bibi mmoja, jirani yetu, kumtazama mgonjwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaketi mkekani. Nikamweleza swali la baba, maana lilikuwa limeninyima usingizi. Yule bibi hakujibu upesi. Alituuliza kwanza, "Ninyi watu wa Kwala, mzigo hutokaje bandarini?"

Labda nieleze hapa kwa ajili ya msikilizaji aliye mbali. Kwetu Kwala imejengwa bandari kavu, nayo makasha ya mizigo huletwa huko kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mzigo, hata uwe wako kwa haki, hauondoki mpaka umelipiwa yaliyo juu yake. Watu wa Pwani huita kazi hiyo kugomboa, na neno hilo ni ndugu yake neno kukomboa. Aliyeweka rehani shamba la mikorosho hulikomboa. Na zamani, mtu aliyekuwa mtumwa naye alikombolewa kwa fedha.

Bibi yule aliendelea, "Bibi yangu mzaa mama aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, amefungwa. Mapadre wakamkomboa. Sasa nakuuliza, mjukuu wangu: mtoto yule alilipa nini? Hakuwa hata na nguo. Je, alisema maneno mazuri ndipo akalipiwa? Hakujua lugha ya wale waliomnunua. Alilipiwa kwanza. Kusema alijifunza baadaye."

Habari za Bagamoyo ni za kweli. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao hapo mwaka 1868, mkuu wao akiwa Padre Antoine Horner, wakawakomboa watoto na watu wazima, wakawajengea kijiji. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na Sultani Barghash wa Unguja mwezi wa Juni, 1873. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo neno hili kukombolewa, ambalo sisi twalitamka kanisani bila kufikiri, wazee wetu walilijua katika shingo zao.

Yatupasa kusema pia kwamba kila mfano una kikomo chake. Fedha iliyotolewa Bagamoyo iliingia mkononi mwa mwuzaji, na watoto waliokombolewa waliishi chini ya amri kali, kwa kengele ya kazi na kengele ya ibada. Waliofanya ukombozi ule walikuwa wanadamu. Wakristo husema kwamba Kristo hakutukomboa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa kujitoa mwenyewe. Wala hakutukomboa ili tubadilishe bwana mmoja kwa bwana mwingine, ila tuwe watoto katika nyumba ya Baba yake. Lakini katika jambo moja mfano wa bibi yule wasimama imara: aliyefungwa hajilipii mwenyewe.

Sasa fikirini, wasikilizaji, ni makosa mangapi hutokea tukidhani kwamba sala ndiyo fidia. Mwenye sala ndefu hujivuna, kama yule Farisayo katika mfano wa Bwana Yesu aliyesimama hekaluni akihesabu mifungo yake na zaka zake, ilhali mtoza ushuru, aliyeomba rehema tu bila kuinua macho, ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Mwenye sala fupi hukata tamaa, kama baba yangu usiku ule. Na mtu mwerevu asiye na haya aweza kuwauzia maskini sala, akisema, leteni kiasi hiki nami nitawaombea mpone. Mimi nimewaona watu wakiuza kuku na mbuzi kwa ajili hiyo, huku mgonjwa akikaa nyumbani bila dawa. Kama fidia imekwisha kulipwa, ni nani awezaye kuiuza mara ya pili?

Tena, kama sala ni malipo, tutasema nini juu ya Kristo mwenyewe? Usiku wa kukamatwa kwake, katika bustani ya Gethsemane, aliomba kikombe cha mateso kiondolewe, nacho hakikuondolewa. Hakuna aliyesali vyema kuliko yeye. Basi kukosa kupewa tulichoomba si dalili ya kuwa tumepungukiwa na kiasi fulani. Mama aliyemwombea mtoto wake, mtoto akafa, asiambiwe na mtu yeyote kwamba hakusali vya kutosha. Maneno hayo ni ukatili, nayo si mafundisho ya Injili. Na yule mnyang'anyi aliyesulubiwa kando ya Yesu, alikuwa na nafasi gani ya kusali? Hakuwa na miaka wala miezi. Aliomba akumbukwe tu, akaahidiwa peponi siku iyo hiyo.

Mtu ataniuliza, "Ikiwa imekwisha kulipwa, basi kusali kuna haja gani?" Wanafunzi wangu huniuliza neno hilo kila mwaka, nami nafurahi wakiuliza. Mtazameni mtoto katika nyumba ya babaye. Hulipi chakula kwa kuamkia. Walakini mtoto asiyeamkia, asiyeomba, asiyesema neno na babaye kutwa, twajua kwamba kuna jambo limeharibika. Sala ni maneno ya mtu wa nyumbani. Kwa sala twaomba riziki ya leo, twakiri makosa yetu, twataja majina ya wagonjwa na walio safarini, twashukuru. Na aliyekombolewa kweli hawezi kumwacha mwenzake kifungoni. Kwa hiyo sala ya kweli hutoka chumbani ikaenda kwa jirani, na mikono ikafuata mahali maneno yalipotangulia.

Narudi kwa baba. Yule bibi alipokwisha kusema, baba, ambaye sisi tulidhani amelala, aligeuka kutoka ukutani. Akauliza, "Kwa hiyo sidaiwi?" Bibi akamjibu, "Hudaiwi, baba. Umelipiwa." Baba akanyamaza kitambo. Kisha akaniomba nimwinue, maana alitaka kusali. Akaanza sala ile ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, lakini hakufika mwisho wake. Alilirudia neno la kwanza tu, lile la kumwita Mungu Baba, mara nyingi, kwa sauti ndogo, hata usingizi ukamshika. Alifariki siku ya tatu.

Tangu siku ile nimeacha kuhesabu. Bado nafundisha sala chuoni, bado nawahimiza vijana wasali asubuhi na jioni, kwa kuwa mazoea mema ni reli, na gari la moshi lisilo na reli haliendi mbali. Lakini nawaambia hivi, nami nawaambia ninyi nanyi: usiku huu, kabla ya kulala, asiyejua maneno mengi na aseme machache. Mwenye deni moyoni alitaje. Asiyeweza kusema, na akae kimya mbele za Mungu. Na kama yuko mgonjwa nyumbani mwenu anayeogopa kwamba hakusali vya kutosha, msimhesabie siku zake kama nilivyofanya mimi. Ketini karibu naye, mmwambie kwamba amelipiwa.