Kigango si Bidhaa: Hotuba kwa Wakazi wa Kilifi



Leo nazungumzia kazi ya mwanaakiolojia Mkenya, Dkt. George Abungu. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge kwa utafiti kuhusu jamii za kale za Mto Tana. Baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kuanzia 1999 hadi 2002. Kwa miaka mingi amepinga wizi na biashara haramu ya turathi, akisisitiza kwamba jamii zenyewe zishirikishwe katika kuzitunza.

Ndugu wakazi, jambo hili ni letu. Kigango huchongwa na kusimamishwa kwa heshima ya mzee wa Gohu aliyefariki. Boma likihama, kigango hubaki pale pale. Hapo ndipo mwizi hupata nafasi.

Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa hapa kwetu, kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, Udvardy alikitambua kimoja miongoni mwa picha za mkusanyiko wa makavazi nchini Marekani. Cha pili pia kilipatikana huko. Mwaka 2007 familia ilipokea kigango chake kwa sherehe, lakini mzee hakuishi kuiona siku hiyo.

Picha ile moja ndiyo iliyokuwa ushahidi. Kwa hivyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, pigeni picha za vigango vya familia, mwandike jina la mzee na mahali kilipo, mhifadhi nakala mbili.

Pili, kikipotea, toeni ripoti siku hiyo hiyo kwa chifu, polisi na afisi ya Makavazi iliyo karibu.

Tatu, ukilima au kuchimba msingi ukakuta vigae au ushanga wa kale, simamisha kazi na uwajulishe Makavazi. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inalinda vitu hivyo.

Vijana, atakayewajia na pesa usiku anataka kununua mababu zenu. Mwambieni hawauzwi.