Laptopu Ikipata Joto, Okoa Data Kwanza

Mazungumzo na wakazi kuhusu utunzaji wa kompyuta nyumbani



Siku hizi hesabu za chama, risiti za biashara na kazi ya mwanafunzi wa chuo hukaa ndani ya laptopu moja. Laptopu ikiharibika, nyingine itanunuliwa. Kazi ya miaka mitatu hainunuliwi.

Laptopu nyingi za zamani zina diski inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika. Kwa kawaida diski hiyo huundwa ifanye kazi hadi nyuzijoto 60. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo, kwenye Windows, itakuonyesha joto la diski yako. Ikipita 50 kila mara, chukua hatua.

Kwanza, nakili faili zako kwenye flashi au diski ya nje. Fanya hivyo kabla ya kushika bisibisi.

Pili, angalia laptopu inapokaa. Kitanda, kochi na mapaja huziba matundu ya hewa. Iweke mezani, uinue sehemu ya nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ya soda ili hewa ipite chini.

Tatu, ondoa vumbi. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, na utoe betri kama inatoka. Safisha matundu kwa brashi laini iliyo kavu. Ukitumia hewa ya mkebe, shikilia feni kwa kijiti isizunguke, kwani kasi ikizidi itaharibika. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji.

Nne, funga programu usizotumia. Taa ya diski isiyotulia ni dalili kwamba diski haipumziki.

Usiweke barafu, kitambaa kibichi, wala laptopu ndani ya friji. Unyevu utamaliza kile ambacho joto lilibakisha. Usifungue diski yenyewe pia, kwa sababu chembe moja ya vumbi inaweza kuikwaruza.

Ukisikia diski ikigonga, zima mara moja na umwone fundi. Hapo kupoza hakutasaidia. Na ukibadilisha, chagua diski ya SSD: haina kitu kinachozunguka ndani, na haiumii kwa urahisi ikitikiswa kwenye matatu au bodaboda.

Usisubiri laptopu ianze kuunguza mapaja. Nakili faili zako leo jioni.