Sherehe ya Mazingira Ni ya Wote

Machi 1970, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliandaa siku za kujadili mazingira. Hawakujifungia peke yao: waliwaalika wanasiasa, wenye viwanda na wakazi wa mji.

Nanyi mlioko kambini, mkijiandaa kwa Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, waalikeni wenyeji wa vijiji jirani tangu kikao cha kwanza. Kuni mnazitafuta msitu mmoja, na huko ndiko ugomvi huanzia. Gawaneni kazi: wenyeji walete miche, vijana waandae ngoma na maigizo, akina mama waonyeshe majiko yanayotumia kuni chache. Mche uliopandwa na mwenyeji pamoja na mkimbizi una walinzi wawili.